Dokta Leokadia na Majibu ya Kisima

Wiki ya tatu hii tangu ututoke, na kila asubuhi bado nafungua simu kutafuta meseji yako, Dokta. Akili inakataa kabisa.

Kwa msiomjua: Dokta Leokadia alikuwa mwalimu mwenzangu chuoni hapa Ifakara. Alifundisha afya ya jamii, na wanafunzi walimwogopa kuliko mtihani wenyewe.

Walidhani ripoti ikishachapwa kazi imeisha. Kwake hupati alama mpaka urudi kijijini ulikopima maji, usome majibu kwa Kiswahili mbele ya wenye kisima, na wakuelewe.

Nakumbuka siku ile kijijini Mkula. Mwanafunzi na tai yake anaeleza bakteria kwa slaidi za Kiingereza. Bibi mmoja akamkatiza: "Mjukuu wangu, tunywe au tusinywe?" Dokta, ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu hapo ukawa unaliandika swali lile kwa wino mwekundu juu ya kila ripoti.

Na hukuishia hapo. Maji yakiwa mabaya, uliwabeba wanafunzi wale wale hadi ofisi husika, mkakaa kwenye benchi mpaka mtu atoke kwenda kutibu kisima. Mmoja alilalamika kwamba yeye kazi yake ni kupima. Ukamwambia, "Hata mzani unapima."

Halafu presha ikakuchukua, Jumatatu, bila kuaga. Mezani kwako ilibaki ripoti moja ambayo majibu yake hayajarudishwa kwa wenye kisima, ya kijiji kimoja huko mbele ya Mngeta.

Wiki iliyofuata kikao kikaiondoa kozi yako kwenye ratiba, eti safari za field ni mzigo. Nilikuwepo. Sikusema neno, na najichukia kwa hilo.

Alhamisi nikaibeba ile ripoti, nikaanzia ofisi ile ile. Nikaambiwa niandike barua. Nilikaa kwenye benchi lako saa nzima, hakuna aliyetoka, nikanyanyuka. Mimi siyo wewe.

Kijijini, nilipowaamkia kina mama, waliuliza kwanza uko wapi. Nikawaambia. Wakalia, na mimi nikashindwa kujizuia.

Kisha nikasoma: kisima kimeingiliwa na maji ya choo, msinywe bila kuchemsha. Mama mmoja akauliza, taratibu tu, "Sasa nani atakuja kukitibu?"

Nikasema nitalifikisha kwa wahusika. Nadhani walishalisikia hilo mara nyingi, maana hakuna aliyeuliza tena. Kuchemsha kunataka kuni, na kuni siku hizi mnajua zilivyo adimu.

Wakanishukuru kwa adabu zote. Halafu wakachukua ndoo zao, wakaenda kuchota pale pale.

Dokta, sina la kukuahidi. Watu wanaandika hapa mtandaoni kwamba kazi yako itaendelea, na mimi nilikuwa kwenye kikao kilichoifuta. Sitaki kukudanganya ukiwa kaburini.

Lala, dada yangu. Sisi huku tumeshindwa.