Injini Niliyoizika Ikiwa Hai

Nakumbuka siku moja ya Jumanne, mwanangu, nilimtazama mjane usoni nikamwambia injini yake imekufa. Haikuwa imekufa. Miaka imepita, ndevu zimekuwa nyeupe, na bado nikilikumbuka neno lile nashika kichwa. Nakusimulia leo kwa sababu juzi nilikusikia pale gereji ukimwambia mteja neno hilohilo, "Imekufa, tafuta ingine," na hata bisibisi hukuwa nayo mkononi. Nilishtuka. Nilidhani ni sauti yangu ya ujana imenirudia.

Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, tumerudi karibuni kutoka Bukavu, na nilijiona fundi. Nilifanya kazi hapa Kamembe, upande huu wa Rwanda, kwa Mzee Ramadhani, Mwislamu mpole mwenye mikono mikubwa, aliyetengeneza kila kinachokunywa petroli: jenereta, pampu za mashamba ya mpunga, na mashine chache za kukata majani, za misheni na za nyumba za wageni huko kando ya ziwa. Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka ikatuchosha: "Usiambie muntu kama kitu yake imekufa, kama haujaifungula." Nami nilikuwa najibu, "Ndiyo, Mzee," huku macho yangu yako barabarani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini ngoja uone, guu langu halikuvunjika peke yake.

Jumanne ile Mzee alikuwa ameitwa huko Muganza kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga, akaniachia gereji kwa siku mbili. Akaja Maman Feza akisukuma mashine yake ya kukata majani, jasho linamtoka. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wanne na mashine hiyo. Ndugu walimshauri aiuze. Yeye akajifunza kuisukuma mwenyewe, akapata kazi ya kukata majani kwenye nyumba moja ya wageni. Sasa Jumamosi palikuwa na harusi katika bustani ile, na msimamizi alishamwambia wazi: majani yasipokatwa hadi Ijumaa, kazi inakwenda kwa mwingine.

"Papa fundi," akaniambia, "jana ilikuwa inakata muzuri. Iligonga tu ku jiwe, ikazimika. Tangu pale inakataa."

Mwanangu, mama yule alikuwa amenipa jibu lote kwa maneno machache. Sikulisikia. Nilikuwa nimeshainama kushika kamba.

Nikavuta. Injini ikapiga "pa!" na kunirudishia kamba kwa nguvu hadi vidole vikaniwaka. Nikavuta tena, ikanipokonya kamba kabisa. Mara ya tatu almanusura initegue bega, na vijana wa pikipiki waliokuwa wameegesha pale nje wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniharibia akili. Ulimi hauna mfupa. Nikasimama, nikajifuta mikono kwa kitambaa kama daktari, nikasema, "Maman, moteri imekufa. Haiko na dawa."

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Imekufa? Kabisa?"

"Kabisa."

Akakaa juu ya tairi kuukuu. Nilimwonea huruma, sikudanganyi, lakini neno lilikuwa limeshatoka mbele ya watu, na mimi nililipenda neno langu. Jioni nikaifungua injini kutoka kwenye mashine, boliti nne tu, nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Nilitaka meza iwe safi, ati.

Kesho yake Maman Feza akauza mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya paa la jiko lake. Tukavuka mpaka pamoja pale Rusizi ya Kwanza, tukaingia Bukavu kutafuta injini iliyotumika, ya bei nafuu. Tukaipata moja nyekundu, imetoka kwenye pampu ya maji. Muuzaji akaivuta mara moja tu, ikanguruma soko zima likageuka. "Ii ni moto, Papa!" akasema. Sikupima kitu. Niliisikia sauti, nikaridhika, kama mtu anayeoa kwa kuona kitenge. Mbeba mizigo akajitwika kichwani, tukarudi nyumbani tukitabasamu, na mama wa watu ananishukuru njia nzima.

Nikaiweka juu ya mashine. Nikaitazama. Nikaizungusha, nikaitazama tena. Nikakitafutia kisu mahali pa kufungwa, sikupaona.

Wewe unajua, lakini wengine watakaosikia hadithi hii hawajui, basi niseme: injini ya kukata majani, ule mhimili wake unatoka chini, ndio unaofungwa kisu. Injini ya pampu, mhimili unatoka ubavuni. Nilikuwa nimeuza paa la mjane nikamnunulia injini ambayo kisu chake kingekata hewa! Nikajaribu kuilaza kwa ubavu. Oili ikamwagika hadi kwenye kabureta, moshi wa buluu ukajaa gereji, ikazima. Maman Feza alikuwa amesimama mlangoni anaona yote.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliuliza tu, "Ile yangu iko wapi?"

Wakati huohuo Mzee Ramadhani akaingia na mfuko wake wa vyombo begani. Akautazama moshi, akaitazama injini nyekundu, akamtazama mama. Nikamweleza. Nilipofika kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu akafumba macho.

"Ulifungula ile ya zamani?"

"Hapana, Mzee. Niliivuta tu."

"Sasa ulijua namna gani kama imekufa?"

Majuto ni mjukuu. Tulikwenda watatu, mbio, hadi kwa yule mnunuzi, tukakuta lori linapakiwa. Injini ilikuwa chini ya vitanda vya chuma na fremu za baiskeli. Mzee akaomba kwa heshima, tukaivuta nje, na hakusubiri kurudi gereji. Akachutama palepale vumbini. Akamuuliza mama, "Maman, siku ya mwisho ilifanya nini?" Mama akarudia: iligonga jiwe. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaizungusha shafti, ule mhimili, polepole kuona kama haijapinda. Ilikuwa imenyooka. Akafungua kifuniko, akagonga mara moja, akalitoa gurudumu la sumaku, na kwa ncha ya bisibisi akachokoa kitu akakiweka kwenye kiganja changu.

Kilikuwa klaveti, kipande cha chuma laini, kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Kimekatika katikati. Kazi yake ni kulishika gurudumu mahali pake, ili cheche itoke kwa wakati wake. Kisu kikigonga jiwe, kipande hicho hukatika ili injini isivunjike. Baada ya hapo cheche inatoka ovyo, na ndiyo maana kamba ilikuwa inanipokonya. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Tukarudi gereji. Mzee akachokora kwenye kopo lake la vitu vya injini zilizokufa kweli, akapata klaveti ya kulingana, akaitia, akafunga kila kitu mahali pake. Kisha akampa Maman Feza kamba. "Vuta, ni yako."

Sasa sikiliza hapa, mwanangu, maana yote niliyosema ni njia ya kufikia hapa.

Alivuta mara ya kwanza, injini haikuitika. Nami moyoni nikasikia kitu kinasema: isiwake. Nilisimama karibu na mama aliyeuza paa lake, kazi yake inaning'inia, watoto wanne wako nyumbani, na mimi naomba injini yake isiwake, ili isionekane nilikosea! Alivuta mara ya pili. Ikawaka. Maman Feza akapiga yowe, akajipiga mapaja, vijana wa pikipiki wakashangilia. Nilijiogopa mwenyewe. Nilikuwa sijajua kama ninaweza kuwa mtu wa namna ile.

Mzee alikuwa hatazami injini. Alikuwa ananitazama mimi. Akanivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nimekuona. Ulitaka ikatae." Nikainamisha kichwa. "Kukosea ni ya batu bote," akasema. "Lakini fundi akishataka kitu ya muntu ikufe juu ya heshima yake, huyo si fundi tena. Huyo ni adui mwenye bisibisi."

Hakunipiga, hakunifukuza. Majani yalikatwa Ijumaa saa tisa, na kazi ikabaki kwa mama. Ile injini nyekundu nilihangaika nayo wiki mbili mashambani, mpaka nikapata mkulima wa mpunga aliyeitaka kwa pampu yake. Kwa pesa hiyo mabati yakarudi, na paa lile la jiko nililipigilia mimi.

Basi shika haya. Mteja akisema, mwache amalize, kwa maana yeye ndiye aliyekuwepo mashine ilipougua. Toa bugi, ile plagi, uone cheche, nusa petroli, fungua, shika kwa mkono, ndipo useme. Na kama kweli imekufa, usinunue ngurumo: pima mhimili kwanza, unatokea wapi, una urefu gani, matundu ya boliti yanalingana vipi. Mwenye pesa kidogo hawezi kukosea mara mbili. Lakini hayo yote hata mwingine atakufundisha. Langu ni hili: ukigundua umekosea, sema siku ileile, kwa kinywa chako, mbele ya walewale waliokusikia. Ukichelewa, kosa litakuomba ulilinde, na utalilinda kwa mali ya watu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe wateja wenye subira na macho ya kuona vitu vidogo. Na siku utakayoumbuka mbele ya watu kwa sababu mashine ya mnyonge imewaka, akujalie uwe wa kwanza kushangilia. Amina.