Utumbo wa Kuku Nyuma ya Nyumba

Vénérande alikuwa ameshona nguo barazani kwake Mpanda mjini kwa miaka mingi, na watu walimpenda kwa usafi wake kuliko hata kwa ufundi wake. Nguo nyeupe za kwaya, sare za komunio, magauni ya maharusi, vyote vilitoka kwake vikinukia sabuni na pasi ya mkaa. Alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, kwa wazazi waliokimbia Burundi. Mama yake aliwaamuru wanawe wafagie uwanja hata siku ambazo hakukuwa na cha kupika, na tabia hiyo ilimkaa.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ghuba, kizimba cha tofali ambamo mtaa mzima uliweka taka zikisubiri gari la manispaa. Halikuwahi kumsumbua. Mwenyekiti wa mtaa, Leonidas, alishawaeleza watu mkutanoni: taka za nyumbani zifungwe kwenye kiroba, zitolewe asubuhi ya siku ya gari. Mwenye hoteli, bucha au saluni asiguse ghuba. Awe na pipa lake lenye mfuniko, na taka zake zina gari lake. Watu wengi walifuata.

Kisha Silvester akafungua banda la kuku wa kukaanga barabara ya pili.

Tangu hapo, kila kulipokucha, ghubani kulikuwa na viroba vipya. Mbwa walivipasua, vikamwaga utumbo, vichwa, na manyoya yaliyoloana. Jua likipanda, utumbo ulivimba na kupasuka, ukatoa maji ya kijani yaliyotambaa hadi kwenye msingi wa jiko la Vénérande. Gari la manispaa lilipokuja, dereva alishuka, akachungulia, akafunika pua kwa kola ya shati.

"Hizi ni za biashara, mama. Sisi hatubebi."

"Na zetu je?"

"Zimeshachanganyika. Nani atazichambua?"

Wakaondoka. Maganda ya ndizi na majivu ya mtaa mzima yakabaki yakioza pamoja na kuku wa Silvester. Haikupita muda, funza wakaanza kupanda ukuta. Vénérande alimkuta mmoja kwenye sufuria ya maharage, akamwaga chakula chote, na siku ile hakuweza kula kitu. Akaenda bandani.

"Bwana Silvester, taka zako zinaozea jikoni kwangu."

"Mama, kwani ghuba ni la kwako?" Silvester alijibu huku akigeuza mapaja kwenye mafuta. Vidole vyake viling'aa. "Mimi nalipa ushuru kama nyie."

Alimwambia Leonidas, Leonidas akaahidi kulifuatilia. Utumbo ukaendelea kuja.

Ndipo Joséline, binti wa kwaya, akaja kuchukua gauni lake la harusi. Alilikunjua kwa furaha, akalisogeza usoni, kisha akalishusha taratibu.

"Mama, kuna kitu kimefia humu ndani?"

Vénérande alichukua gauni, akaligeuza. Kwenye pindo, katikati ya lesi aliyoishona kwa mkono, nzi walikuwa wametaga mayai, meupe kama punje za mchele. Joséline alijifuta mikono kwenye sketi, akafuta tena. Hakugombana. Aliaga kwa adabu, akaenda kushonesha kwa mtu mwingine.

Mchana huohuo Vénérande alifunga kanga puani, akachukua koleo na toroli. Alijaza mpaka juu. Alipoinua koleo, vitu vilijivuta kama ute, na mara mbili alisimama kutapika kando ya ukuta. Kisha akasukuma toroli hadi barabara ya pili, bandani kumejaa watu wanakula, akalipindua mlangoni.

"Nimekurudishia zako," alisema.

Watu waliacha sahani. Mmoja alitapika kabla hajafika nje. Silvester akampigia simu Leonidas, naye akaja na bwana afya wa kata, Masunga, aliyesimama upande ambao upepo haukumletea harufu.

"Wewe umetupa taka za biashara kwenye ghuba la watu," Masunga alimwambia Silvester. "Banda nalifunga mpaka nione pipa lenye mfuniko." Akamgeukia Vénérande. "Na wewe mama, umemwaga uchafu mahali pa chakula. Hilo nalo ni kosa. Mtasafisha wote wawili, hapa na kule."

Walisafisha bega kwa bega hadi jua likakaribia kuzama. Silvester alitapika, akatapika tena, machozi yakimtoka.

"Sikujua inafikia hivi," alisema.

"Ulijua. Ndiyo maana ulikuwa unazileta usiku, watu wakiwa wamelala."

Silvester akainamia koleo lake. Vénérande alimtazama shingo iliyoloa jasho, akaona kinyaa alichokuwa nacho kwa zile taka kimehamia kwa mtu huyu, na hakikutaka kuondoka.

Pipa lilinunuliwa, gari la biashara likawa linapita, banda likafunguliwa. Ghuba sasa ni safi kuliko zamani, na kazi ya cherehani imerudi kidogo kidogo. Lakini majirani walewale waliokuwa wakiziba pua wamerudi kupanga foleni kwa Silvester, wanalamba vidole, wanamsifia viungo. Wakipita barazani wanamkaribisha Vénérande aonje kuku wao. Anawashukuru, anasema ameshiba, na anasubiri wapite ndipo ateme mate.