Mwezi wa Kwenda Kashi

Nimezunguka sana na nimesoma kidogo. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo kila nililotaka kulijua nimelifuata mwenyewe huko liliko. Ndiyo maana ndugu na jirani zangu hapa Muscat, wakitaka kusafiri, hunipigia simu mimi kabla ya kumuuliza mkata tiketi. Salala waende lini? Istanbul baridi inaanza mwezi gani? Nimeshachoka kuulizwa, lakini najibu.

Mwaka huu aliyeniuliza alikuwa fundi. Ni Mhindu, mzaliwa wa Mji Mkongwe kama mamangu, na Kiswahili chake ni cha Unguja hasa. Duka lake la kushona kanzu liko Azaiba, na mimi ndiye ninayewapelekea wateja nguo zao kwa gari langu, Bawshar, Mabela, popote walipo.

Mkewe alifariki baada ya Idi Kubwa. Alichomwa kama dini yao inavyotaka, na majivu yakatiwa kwenye chungu kidogo cha shaba kilichofungwa kitambaa chekundu. Kwao majivu hayaingizwi ndani. Hukaa nje mpaka yafikishwe mtoni. Basi fundi alikitundika kile chungu nyuma ya duka, kwenye kivuli, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango alikwenda kusimama pale na kumweleza mkewe kazi za siku ile, nani ataletewa kanzu yake na nani analalamikia mikono mifupi.

"Mgeni unamweka barazani mchana kutwa," aliniambia. "Ndani humkaribishi, na kumsindikiza akaenda zake humsindikizi. Nnaona haya."

Alitaka kumpeleka Kashi, ule mji ambao kwenye tiketi huandikwa Varanasi, akamtie katika mto Ganga kwa mkono wake mwenyewe. Tatizo lilikuwa magoti. Miaka mingi ya kukanyaga cherehani ilikuwa imeyamaliza, na kule mtu hushuka ngazi nyingi sana kuyafikia maji. Mwanawe wa pekee, anayeishi Kanada, alikuwa amempangia: asubiri Disemba, hali ya hewa nzuri, yeye atakuwa na likizo, atashuka na chungu, na baba atawekewa kiti juu.

"Bwana msafiri, wewe ushafika," fundi akaniuliza. "Mwezi gani mzuri?"

Nilijibu bila kufikiri. Novemba mpaka Februari, nikamwambia, ingawa Januari ukungu huchelewesha treni. Mei na Juni, joto la kule litakufanya ulikumbuke la hapa kwa mapenzi. Na msimu wa mvua usithubutu. Mimi nilikwenda Agosti, wakati nimempeleka mamangu India kutibiwa macho, nikamwacha hospitali na dada yangu nikapanda treni kwenda kuangalia tu. Mto ulikuwa umefurika. Ngazi zote zilikuwa chini ya maji, boti zimepigwa marufuku, maji ya matope yamefika kwenye milango ya watu. Nililala siku mbili nikiumwa tumbo, nikarudi sijaona kitu. Mamangu akaniuliza kutoka kitandani, "Sasa huko ulifuata nini?"

"Basi Disemba," fundi alisema.

"Disemba."

Alianza kupanga kazi zake kwa sauti. Novemba kuna kanzu za watoto za Sikukuu ya Taifa. Januari zinaanza arusi, halafu Ramadhani. "Na watu wa Muscat kanzu ya Idi wanaikumbuka mwezi ushaandama," alisema. Disemba kulikuwa na mwanya mdogo. Akapitisha chaki kwenye kitambaa. "Haya. Mwana atamshusha. Mimi ntakaa kitini kama mtazama mpira."

Niliona kwamba hakupenda. Sikumuuliza. Joto lilikuwa kali, kipoza hewa cha gari langu kilikuwa kimekufa, na nilikuwa bado na mizigo ya Mabela.

Septemba, kanzu za shule zilipokwisha, alinikabidhi ufunguo wa duka.

"Nnaondoka kesho. Wewe utanishikia hapa."

"Kwenda wapi?"

"Kashi. Zimeingia siku zetu za kuwakumbuka waliokufa. Wiki mbili tu."

"Fundi, maji bado yako juu. Utaona nini kule?"

"Kwani mimi nakwenda kuona?"

"Na mwanao anajua?"

"Atajua nikifika."

Nilimpeleka uwanja wa ndege. Chungu alikipakata mapajani, hakutaka kukiweka kiti cha nyuma. Njiani alikuwa akimwambia mkewe kwa sauti ya chini: hapa ndipo tulipokuwa tukinunua samaki, hapa palikuwa mchanga mtupu. Mimi niliendesha polepole, na magari yakanipigia honi.

Siku mbili hakukuwa na habari. Mwanawe alinipigia kutoka Kanada.

"Ami, mbona umemwachia?"

"Ningemfunga kamba?"

"Magoti yale, ami. Na mafuriko."

Nilimwambia najua. Nilikaa kwenye kiti cha fundi nikiangalia vitambaa, nimechoka kwa kazi ambayo hata sikuifanya.

Siku ya tatu ilikuja sauti yake, aliyoirekodi, kwenye simu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu.

"Bwana msafiri, ulisema kweli. Maji yamefunika kila kitu, vile vya kupigia picha sikukiona hata kimoja. Lakini nisikilize. Mto umepanda mpaka kwenye kichochoro. Nimetoka mlangoni, mja wa Mungu mmoja kanishika mkono, hatua nne, tano, maji haya hapa. Sikushuka ngazi hata moja. Nimemtia mwenyewe."

Niliisikiliza mara mbili. Yale maji ya milangoni niliyaona kwa macho yangu, na nimeyalalamikia kwa watu miaka yote. Magoti ya fundi nayaona kila siku. Sikuwahi kuyafikiria pamoja. Nilimchagulia mwezi wa mtu kama mimi, anayekwenda kuangalia.

Nikamtumia mwanawe ile sauti. Alichukua muda, kisha akapiga.

"Baba amelia?" aliuliza.

"Sijui. Sauti yake imechoka tu."

"Nimeshakata tiketi ya Disemba, ami."

"Utakuja umtazame baba yako."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Na mimi alikuwa mamangu," alisema.

Mteja aliingia dukani, akauliza kama kanzu yake ya kola iko tayari, nikamwonyesha kwa mkono angoje, na simu nikaendelea kuishikilia sikioni.