Goti la Mama wa Chai

Nina hasira hadi leo, na sitaki kuambiwa nipoe.

Ofisi yetu iko ghorofa ya tano ya jengo moja huko Donholm, Nairobi. Asubuhi moja tulikuta lifti imezimwa na bango lenye moyo mwekundu limebandikwa mlangoni: "Panda ngazi, linda moyo wako." Meneja alikuwa ametoka kwenye semina ya afya. Tangu siku hiyo lifti ikawa inazimwa hadi saa sita mchana, tupende tusipende. Mimi naishi mtaa wa Tena, ghorofa ya nne, kwenye ploti ya kupanga ambayo haijawahi kuona lifti hata kwa picha, halafu mtu anifundishe kupanda ngazi! Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Lakini kilichonichoma hasa ni mama wa chai. Alikuwa mtu wa kwetu magharibi, rika la mama yangu, na goti lake la kushoto liliharibikia soko la Gikomba, alikobeba marobota ya mitumba kwa miaka mingi. Jiko lilikuwa chini kabisa. Kila siku saa nne asubuhi alikuwa akipanda kwa lifti na chupa mbili kubwa za chai. Sasa alizipandisha kwa ngazi, moja baada ya nyingine. Tulimsikia kabla ya kumwona, mguu mmoja ukikanyaga, mwingine ukiburutwa.

Nilimwendea meneja, nikamwomba amwashie lifti dakika tano tu.

"Nikimwashia yeye, kila mtu atajifanya mgonjwa," akasema. "Na hayo mazoezi yatalilainisha hilo goti."

Yeye mwenyewe hufika kazini saa saba, lifti ikiwa imeshawashwa.

Nikawakusanya wenzangu. Jamaa wa stoo alirukia wazo langu kabla sijalimaliza: "Wasee, kuanzia kesho hakuna mtu kugusa chai. Watajua hawajui!" Tukakubaliana hivyo, hadi lifti iwashwe.

Kesho yake mama alifika na chupa ya kwanza, akihema. Sote tuliinamia kazi. Hakuna aliyemweleza; mimi nilijiambia kwamba asipojua hataingizwa matatani. Alitutazama mmoja mmoja, akajimiminia kidogo, akaonja. Wiki nzima chupa zilishuka zikiwa zimejaa.

Ijumaa tangazo likabandikwa: kwa kuwa wafanyakazi hawanywi chai tena, huduma hiyo imesitishwa. Meneja akatupongeza kwa kupunguza sukari. Mama akaambiwa asirudi Jumatatu.

Hasira hasara, watu husema. Hawasemi hasara ya nani.

Jumamosi nilimfuata nyumbani kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, akilikanda goti kwa kitambaa cha maji moto. Nikamweleza yote: lifti, meneja, mgomo wetu, na kwamba tulifanya vile kwa ajili yake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo chai yangu haikuwa mbaya?"

"Hapana, mama. Haikuwa na kasoro yoyote."

Akakamua kitambaa, akakirudisha gotini.

"Mwanangu, wiki nzima nimebadilisha majani, nimebadilisha maziwa, na kila siku nimepanda nayo nikisema labda leo watakunywa. Hili goti ni langu. Kwani ungeniuliza, ungepungukiwa na nini?"