Mionzi Iliyorudi kutoka Chini ya Nyumba ya Dada

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya ufa. Ulijitokeza uani kwa dada yangu mkubwa, Maman Nsimire, huko Kalehe, baada ya mvua kubwa, naye akakataa katakata kuhama. Baba yetu amezikwa migombani nyuma ya nyumba ile. "Siwezi muacha Papa yeye peke," aliniambia kwa simu. Nikaomba nafasi katika gari la mainjinia waliokuwa wakienda kupima miteremko, nao wakakubali kuanzia kwake.

Njiani, katika senta ya Miti, tulisimama kununua avoka, yaani maparachichi. Nilikuwa nimeshamchosha injinia Chiza kwa maswali, lakini alinieleza tena bila kununa. Wanateremsha shimoni chombo chembamba chenye chanzo kidogo cha mionzi ya gama. Mionzi inagonga udongo, inatawanyika, na mingine inakirudia chombo. Penye mwamba mzito hurudi michache. Penye udongo mwepesi hurudi mingi. Nilitamani tufike upesi nione.

Kalehe tulikuta shimo tayari. Wachimbaji walitangulia, na majirani waliwasaidia kwa moyo wote. "Tulitia mayi mingi, juu udongo ilegee," jirani mmoja alituambia kwa fahari. Ndivyo wanavyochimba udongo wa matofali, kwa kuumwagia maji.

Kipimo kilionyesha mionzi mingi mno inarudi. Dada akakaa chini. Chiza akateremsha chuma chenye mikono inayotanuka, cha kupimia upana wa shimo, akakuta kuta za shimo zimemomonyoka pale pale.

"Maman, hapa tumepima mayi ya majirani, haiko udongo. Tutatoboa ingine, bila mayi," Chiza alisema.

Dada alicheka hadi akafuta macho, akatupakulia fufu na sambaza, dagaa wa ziwani, kana kwamba kesi imekwisha. Nilikula kwa raha, nikitamani iwe kweli.

Alasiri, kando ya nyumba, shimo kavu lilikuwa tayari. Tulisogezwa mbali chanzo kilipotolewa kwenye kasha lake zito. Mionzi ilirudi michache, michache tena, halafu chini ya kina cha msingi ikazidi. Safari hii kuta zilikuwa nzima. Chiza alirudia kipimo, kisha akamwambia dada ukweli: chini ya nyumba udongo umelegea, mvua nyingine kubwa inaweza kuuondoa.

"Na kwa Papa?" dada aliuliza.

Kesho yake walitoboa migombani, mbali kidogo na kaburi. Hapo ilirudi michache tu, tangu juu hadi chini. Mwamba.

Nilikwenda kwa ajili ya ufa, nikashangaa mashine, nikajifunza kwamba udongo ukiulizwa, watu wasiusaidie kujibu. Moyo uliniuma hata hivyo.

Gari la kurudi Bukavu lilipowashwa, sufuria na godoro vya dada vilikuwa vimeshapakiwa. Yeye alikuwa bado kaburini, nami nikamfuata.

"Papa," nilimsikia akisema, "weye uko juu ya jiwe, bakia. Ni miye udongo inakataa."