Uzi Nilioufunga Juu ya Shimo la Mdako

Nianze kwa kukiri ujinga wangu, ili baadaye usije ukaniuliza: nikiwa darasa la tano nilitunga sheria ya kumkomesha mtoto mmoja, na sheria ile ikanikomesha mimi. Ningekuwa nimeshaisahau, lakini wiki iliyopita jirani yangu hapa Kiseke, Mama Gasper, alimwagiwa kokoto za msingi wa banda la kuku. Zilipoteremka kwenye lori, shwaaa, na lile vumbi lenye harufu ya jiwe lililopasuliwa sasa hivi, zilinikuta nimekaa mlangoni, mahali ninapopatikana siku zote. Kabla sijajielewa, mkono wangu ulikuwa umeshachagua kumi na mbili za duara.

Kumi na mbili ndizo tulizochezea mdako. Unachimba shimo dogo kama bakuli, unatia kokoto. Unarusha jiwe lako juu, na kabla halijashuka unazikokota kokoto nje ya shimo, kisha unalidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote isipokuwa moja, ambayo inakuwa yako. Ukikosea au jiwe likikuponyoka, unampisha mwenzio.

Shimo letu lilikuwa nyumbani kwetu, nyuma ya jiko, katikati ya majabali mawili. Mimi sikuwa mtoto wa kutembea. Wenzangu walipoteremka ziwani kuoga, nilibaki nalinda shimo kama nimeajiriwa. Ubingwa niliupata hivyo hivyo: nilikuwepo kila siku. Kando yangu aliketi Tabu, rafiki yangu wa damu, ambaye baba yake alikuwa akishona nyavu mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Tabu ndiye aliyehesabu kokoto zangu kwa sauti, na nikimaliza zote alinipiga mgongoni na kusema, "Mama lao!" Kwa maneno yale mawili ningeweza kukosa chakula cha mchana na nisidai.

Ndipo Nyamizi akaja kutoka Magu, kukaa kwa mama yake mdogo. Gauni lake lilikuwa limeshushwa pindo mara mbili, na alisema "kulusha" badala ya "kurusha". Nilimcheka, ingawa bibi yangu mwenyewe alisema vilevile. Akaketi, akarusha. Jiwe likapanda mpaka juu ya bati la jiko. Sote tuliinua shingo kulitazama, isipokuwa yeye. Alizitoa kokoto zote kwa raha zake, angeweza hata kumwamkia mpita njia, kisha akakinga kiganja bila kuinua uso. Likatua.

"Mama lao!" Tabu akapiga kelele. Halafu akachukua ndala zake alizokuwa amezikalia, akaenda kuzikalia upande wa Nyamizi.

Umewahi kula dagaa wenye mchanga? Unameza, lakini meno yanaendelea kusikia. Ndivyo ulivyokuwa wivu wangu. Nikaanza kuhesabu vitu ambavyo havihesabiki: Tabu amemmegea Nyamizi kiazi, Tabu amesuka nywele kama za Nyamizi, Tabu naye siku hizi anasema "kulusha".

Siku ya nne nikasimama juu ya jabali.

"Kurusha juu kunaharibu mchezo," nikasema. "Mtu anapata nafasi ya kusonga ugali! Kuanzia leo jiwe lisipite kichwa. Nawatetea wadogo, kama Kabula."

Kabula wa darasa la pili alinitazama kwa shukrani. Tabu huyo huyo nikamtuma uzi wa nyavu, nikaufunga kutoka jabali hadi jabali, usawa wa paji la uso la mtu aliyeketi. Jiwe likiugusa, zamu imekwisha. Hakuna aliyebisha, shimo lilikuwa la kwetu.

Nyamizi aliutazama uzi. "Sawa, dada," akasema. Hiyo "sawa" iliniudhi kuliko matusi.

Jioni ya kwanza alikosa mara tatu, na mimi nikala vizuri sana. Kesho yake akaanza kurusha jiwe kidogo tu, na ndipo tulipoiona mikono yake. Ilikuwa imezoea kuchuma pamba, inaingia na kutoka kama ulimi wa kenge. Hatukuwahi kuiona kwa sababu macho yetu yalikuwa angani. Na lile jiwe la angani lilikuwa na hatari zake: jua machoni, upepo wa ziwani, na mara mbili lilibaki juu ya bati. Nilikuwa nimemwondolea hatari zote, nikamwachia kasi.

Mimi je? Kumbe na mimi nilikuwa narusha juu. Siyo mpaka kwenye bati, ila kupita paji la uso, na katika ile nafasi ndogo ndimo nilimoficha uzito wa vidole vyangu. Kabula, niliyemtetea, mwenye viganja kama vya kifaranga, hakuwahi kupata kokoto hata moja tena. Alilia, akaacha kuja. Wengine wakamfuata.

Siku nilipocheza na Nyamizi mbele ya Tabu, nilipata moja, yeye kumi na moja.

"Uzi utolewe," nikasema.

"Si wewe uliyesema kurusha juu kunaharibu mchezo?" Tabu akauliza.

Nyamizi akainuka, akaufungua mwenyewe. "Tulushe juu, dada, kama unapenda." Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo sikuweza kulivumilia. Nikalifukia shimo kwa mguu. Wakaenda kuchimba lingine kwa kina Tabu, na mimi nisiyetembea nikabaki na majabali yangu, nasikia "Mama lao!" ikipanda kutoka bondeni.

Siku hizi Gasper, wa kidato cha pili, hulalamika kwamba kwenye gemu ya simu kuna shujaa ana nguvu mno, afungiwe. Mimi humuuliza: afungiwe kwa sababu hakuna dawa yake, au kwa sababu anayemchezesha ni fulani? Sisemi kila katazo ni baya. Kudaka kwa mikono miwili tulikukataza tangu mwanzo, na mchezo ukabaki mchezo, kwa kuwa tulikataza kabla hatujajua nani atashinda. Uzi wangu niliufunga namjua mtu kwa jina. Nilichelewa sana kuiona tofauti hiyo, na muda wote huo sheria yangu nilikuwa naiita busara.

Hayo yote nilimsimulia Mama Gasper juzi, nikiwa bado nachezea zile kumi na mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea koleo.

"Mama Anitha," akasema, "wewe ulikuwa huna shida na jiwe. Rafiki yako alikuhama, ukafunga uzi. Haya, rudisha kokoto zangu."