Fidia Aliyoitaka Shurie

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, ukame ulipokaza, Gelle alimpiga Korane rungu la kichwa kwenye kisima cha mashine huko Eldas. Waligombania zamu. Ngamia wa Korane walikuwa wameshafika birikani, Gelle akadai wake wametembea siku nne bila maji, maneno yakapanda, rungu likashuka. Watu waliona, na Gelle mwenyewe hakukana.

Korane alikuwa mtoto wa pekee wa Shurie, mjane aliyeuza maziwa ya ngamia mjini Wajir. Walimletea akiwa amelazwa nyuma ya pikapu, damu imegandia masikioni. Shurie akapanda, akakipakata kile kichwa njia nzima mpaka Garissa. Hospitalini waliondoa damu iliyovilia chini ya fuvu, lakini siku kumi na tisa Korane hakufumbua macho.

Shurie alikaa sakafuni kando ya kitanda. Kila baada ya swala alimwomba Mungu mambo mawili. La kwanza alilisema kwa sauti, na wagonjwa wakaitikia amina. La pili alilisemea moyoni: Gelle asife kabla yeye hajamfikia.

Korane aliamka mkono wa kulia umelala, mdomo umeenda upande, hana hata neno moja. Alirudi Wajir akiwa mtu wa kulishwa na kupelekwa chooni. Wazee wa pande mbili wakakutana, na Jama, shemeji yake Shurie, akaja kumwambia kwamba ukoo wa Gelle umekubali kutoa ngamia wa fidia.

"Ngamia ni mambo yenu wanaume," Shurie alisema. "Pokeeni. Mimi namtaka Gelle."

"Umfanye nini?"

"Aje kwangu kila siku, asubuhi mpaka alasiri. Amlishe Korane, amwoshe, amsafishe choo. Mwaka mzima."

"Shurie, jambo hilo sijapata kulisikia."

"Basi nitaenda kuketi mlangoni kwa mama yake, nimemlaza Korane mapajani, watu waje watazame."

Jama alimjua shemeji yake. Baada ya wiki moja Gelle alisimama kwenye ua, kichwa ameinamisha, akasema, "Eedo, nimekuja."

"Mimi si eedo wako, wala si shangazi yako. Maji yako jikoni."

Siku ya kwanza Shurie alimgusisha kidole mahali fuvu la Korane lilipobonyea. "Papasa. Kila unapomwosha, anzia hapo." Nguo chafu alimwagiza akazifulie kisimani, tena apitie soko la mifugo, mbele ya vijana wa rika lake. Gelle aliporudi macho yamemwiva, Shurie alikula chakula chake cha mchana kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu Eldas.

Ilikwenda hivyo miezi mitatu. Asubuhi moja Gelle, akimmwagia Korane maji mgongoni, alianza kuimba chini chini ule wimbo ambao wachungaji huwaimbia ngamia wanapokunywa maji. Alipofika katikati akakohoa, akanyamaza. Korane akaumalizia ule mstari, neno kwa neno.

Shurie aliangusha kibuyu cha maziwa. Alikuwa amemsihi mwanawe aseme "hooyo" tu, amwite mama, asubuhi na jioni. Sasa maneno yalikuwa yamekuja, na yalikuwa yamemfuata yule.

Tangu hapo waliimba kila siku, na kutoka kwenye nyimbo Korane akaanza kuzungumza, kwanza majina ya ngamia, kisha "hooyo", kisha vitu vya nyumbani. Gelle alimshika kiunoni, wakawa wanatembea mpaka kwenye boma na kurudi. Siku moja Shurie akasikia wanacheka. Akatoka.

"Korane, mwanangu. Unamjua huyu? Ndiye aliyekuvunja kichwa."

Gelle alitazama chini. Korane alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akapapasa kovu lake.

"Sikumbuki," alisema polepole. "Hooyo, usimfukuze."

Hakumfukuza. Alimbana mpaka siku ya mwisho, hata katika mvua kubwa za mwaka uliofuata, Gelle akivuka matope na kuingia ameloa, naye asimpe hata kikombe cha chai. Mwaka ulipotimia alimwambia, "Umemaliza. Nisikuone tena hapa."

"Na kesho?" Korane aliuliza.

"Hakuna kesho yake."

Kwa siku tatu Korane hakula vizuri wala hakumsemesha mama yake. Siku ya nne alichukua fimbo, akafungua mlango wa ua. Mguu wa kulia aliuburuta kidogo. Hakuwa amewahi kwenda peke yake kupita boma tangu aumie. Shurie alisimama na maziwa mkononi, akamwangalia akishika njia ya upande ule alikokaa Gelle. Alitaka kumwita, akajizuia. Mwanawe alikuwa anatembea.

Wanawake wa sokoni walimwuliza baadaye kama sasa amemsamehe Gelle.

"Sijamsamehe," alijibu, akaendelea kupima maziwa.